Kiti cha Kushoto

Ushike mkono wangu huu wa kushoto. Ushike tu, haung'ati. Sasa shika wa kulia. Umeona? Huu wa moto kama wa mtu yeyote, na ule baridi kana kwamba nimeutoa mtungini sasa hivi. Madaktari wawili wameupima, mmoja baada ya mwingine, wakasema damu inapita vizuri na hauna ugonjwa. Najua hauna ugonjwa. Najua uliipata wapi baridi hii, na ilikuwa saa ngapi za mchana. Narudia, mchana, ili usije ukaniambia ni mambo ya giza na usingizi. Wako watu walioshuhudia na bado wako hai, ingawa wanaume wengi kati yao hawapendi kulizungumza jambo hili, na sababu utaijua mwenyewe kabla sijamaliza.

Mimi ni fundi makanika. Si fundi wa kubahatisha. Kazi niliipata wakati bandari ya Mtwara inajengwa, kwenye karakana ya mitambo, chini ya wazungu waliokuwa wakitukana kabla ya kusema habari za asubuhi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiosha vyuma kwa mafuta ya taa, basi. Mwaka wa tatu tingatinga likipita mbali naweza kukwambia valvu ipi inavuja. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Unadhani atakuja nani kunisifia?

Sasa, palikuwa na mhandisi mmoja akikaa Shangani, tulimwita Bwana Miwani. Huyo alishusha melini gari ambalo sisi hatujapata kuliona. La kijani kibichi, viti viwili tu, halina paa ila turubai la kukunja, magurudumu yana njiti kama ya baiskeli, na lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi akisimama barabarani anatazamana na dereva uso kwa uso. Wenyewe waliliita spoti. Jioni akilipitisha ufukweni pale Shangani, mlio wake ulikuwa unaingia kifuani. Siku ya kwanza kuliona sikula chakula cha usiku. Wenzangu walikuwa wanataka baiskeli, gramafoni, mke wa pili. Mimi nilitaka lile.

Na sikulitaka kwa ajili yangu peke yangu. Mama yangu alikuwa kijijini kwetu, karibu na Mahurunga, kule mto Ruvuma unakokaribia bahari. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama ndiye aliyenilea kwa mihogo aliyoibeba kichwani hadi Mikindani kuiuza, mwendo wa kulala njiani. Safari moja akaanguka na mzigo. Mguu wa kulia ukavunjika, ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo. Hakwenda tena mbali zaidi ya kisimani. Nikajiapiza kwamba nitamkalisha kwenye kile kiti cha pili, nimpitishe njia ile ile aliyoipita kwa miguu.

Nikaanza kujinyima. Sigara niliacha siku hiyo hiyo. Wenzangu mchana wakila wali na samaki, mimi nachemsha muhogo, naula na chumvi, Ijumaa natia dagaa. Jioni nakaa barazani kwangu Magomeni nikitengeneza cherehani, karabai, baiskeli, chochote chenye nati. Fedha nilikuwa naweka kwa Bwana Hasanali, Mhindi wa duka la nguo Mikindani, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu ili nisilipe nauli ya lori. Alikuwa ananicheka, ananiuliza kama nataka kununua meli. Watu waliniita mkono wa birika. Binti niliyemposa alinikataa akaolewa na karani, akasema hawezi kuishi na mwanamume anayeota gari akiwa macho. Iliniuma, sikufichi. Lakini sikutoa hata senti moja kwenye akiba ile.

Halafu Mungu akanisaidia kwa njia yake. Wazungu walikuwa na mtindo wa kwenda Msimbati maji yakitoka, kukimbiza magari kwenye mchanga mgumu wa pwani. Siku moja Bwana Miwani akachelewa kuondoka, maji yakamkuta. Gari likanywa maji ya chumvi mpaka likatosheka. Wakalivuta, wakalifunika shuka nyuma ya nyumba, na kila mtu akasema limekufa.

Mimi nikawa nakwenda kulitazama. Nazunguka mara moja, natikisa kichwa, namwambia pole sana bwana, naondoka. Mwezi unaofuata nakwenda tena. Kila nikitikisa kichwa bei inashuka. Siku moja aliingia ndani kuchukua chai, nikachomeka hendeli nikazungusha nusu mzunguko. Injini ikazunguka. Haikuwa imeshikana hata kidogo. Hakuniuliza, sikumwambia. Bandari ilipokwisha kujengwa na wazungu wakaanza kufunga mizigo, aliniachia kwa shilingi mia sita, na akanionea huruma juu yake.

Vijana sita walilisukuma kutoka Shangani hadi Magomeni, mji mzima unacheka. Waliuliza kama nitafugia kuku. Nikalifungua lote, chuma kwa chuma, nikakilaza kila kimoja kwenye mafuta. Gasketi niliikata mwenyewe kwa bati la shaba. Kabureta niliisafisha kwa unyoya wa kuku. Ilinichukua miezi minane. Siku lilipowaka, nakwambia kweli, niliinamia usukani nikalia kama mtoto, na wale waliocheka wakaja kushika boneti kwa vidole viwili kama wanashika mwali.

Kilibaki kitu kimoja. Kiti cha kushoto kilikuwa kimeoza kwa maji ya chumvi, nikakitupa. Nikatengeneza kipya. Fremu ya bomba la maji, springi za kitanda kuukuu, ndani nikajaza sufi, na juu ngozi nyekundu, aliyoishona fundi viatu wa Mikindani. Nikakifunga kwa bolti nne. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya kiwandani, na niliposema hakikaliwi na mtu kabla ya mama yangu, nilimaanisha. Siku ya Idi karani wa bomani alitaka nimpeleke msikitini kwa malipo, nikamkatalia. Marafiki nikawakatalia. Niliendesha miezi miwili na kiti kitupu, kimefunikwa kanga.

Mwaka ule mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa jandoni. Siku ya wari, wale vijana waliotahiriwa, kutoka ni sherehe ya kijiji kizima, na mimi ndiye mjomba, lazima niwepo. Nikapeleka salamu kwa mama kwamba siku hiyo nakuja na gari, nitamzungusha kijiji, kisha nitamleta Mtwara aone meli. Akajibu kupitia mjumbe kwamba kaniki yake ameshaifua, nisichelewe.

Nilichelewa. Nilitoka alfajiri, lakini kila kijiji watu walitoka kutazama, na mimi nilisimama kila kijiji wakatazama. Nilifungua boneti, nilipiga honi, nilieleza. Ndiyo tabia yangu. Kwa hiyo nilipofika ule uwanja mweupe wa chumvi ulio nyuma ya mikoko, zimebaki maili mbili kufika kwetu, jua lilikuwa utosini na hakuna kivuli hata cha jani.

Na pale, kando ya njia, alikuwa amesimama mdimu.

Kama hukukulia kwetu, nikueleze kidogo, na kidogo tu. Mdimu ni yule anayetoka kucheza siku ya jando. Mwili mzima umefungwa nguo na wavu, huoni hata ukucha, miguuni njuga, na usoni uso wa mti uliochongwa. Kina mama na watoto huambiwa ni mfu aliyetoka ardhini, na wakimwona hukimbia. Sisi tuliopita jandoni tuna yetu tuliyoambiwa, na tuliapishwa, na sitayasema hapa. Nitasema hivi: mwanamume aliyetahiriwa akimwona mdimu hakimbii. Anatazama miguu, anacheka moyoni.

Nikatazama miguu. Wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani kidogo. Basi nikacheka moyoni, kwa sababu ninaye ndugu yangu Dadi, tuliyetahiriwa naye siku moja, hakuna anayemshinda kucheza pwani yote ile, na mguu wake wa kushoto umegeukia ndani vile vile. Nikasema huyu mjanja amesikia nakuja na gari, amenivizia njiani ili aingie kwa kishindo.

Umeelewa nilivyokosea? Mwanamke angemwona angegeuza njia. Mtoto angelia. Mimi kwa kuwa nilikuwa najua, sikuogopa.

Na wazo likanikamata. Kuingia kijijini na spoti ni jambo moja. Kuingia na spoti, mdimu amekaa kando yangu, ngoma zinalia! Kutoka Newala mpaka ng'ambo ya Ruvuma nani alishafanya hivyo? Wangelisimulia mpaka wajukuu. Kile kiti nilikikumbuka. Sitasema nilisahau, nitakuwa nasema uongo. Nilijiambia ni maili mbili tu, atashuka kabla ya mlangoni kwa mama, na mama hatajua. Nikaiondoa kanga kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia panda.

Akapanda.

La kwanza nililoliona ni la kifundi. Mtu mzima akikaa kwenye gari dogo kama lile, springi zinalala upande wake. Hazikulala. Nikajisemea labda nimezikaza mno. Nikaondoa gari, nikaanza kumtania Dadi kama kawaida yetu, kwamba amekonda, kwamba mkewe hampi ugali, kwamba akinichania ngozi yangu kwa njuga zake atanilipa. Hakujibu, na wala sikutarajia ajibu, maana mdimu aliyevaa hasemi, ndiyo sheria yake. Unaona jinsi kila kitu kilivyokuwa na sababu yake? Tukaruka shimo. Njuga hazikulia. Hapo nikaacha kutania.

Sikiliza sasa hili. Kwenye gari lile fimbo ya gia iko katikati, chini, na goti la abiria linakaa pale pale. Tulipofika kwenye mchanga laini ilibidi nirudishe gia. Nikapeleka mkono wa kushoto, vidole vikagusa nguo ya goti lake. Nguo ikabonyea. Nikasukuma kidogo asogee, na mkono ukaingia. Hapakuwa na goti. Hapakuwa na kitu chochote ndani ya nguo ile ila baridi, baridi ya kisima kirefu, na mkono wangu ukazama humo mpaka kifundoni ndipo ukaikuta fimbo ya gia ng'ambo ya pili.

Utaniuliza mbona hukuruka. Niruke, niache gari? Baada ya miaka sita ya muhogo na chumvi? Na kusimama sikuweza, ukisimama kwenye mchanga ule umezama, na ningekuwa nimezama pamoja naye. Kwa hiyo nikaendesha. Mchanga ulikuwa wa vipande vipande, laini, mgumu, laini tena, na kila mara nilibadilisha gia. Kila mara niliuingiza mkono mle ndani na kuutoa. Mara ya tatu sikuusikia tena kama ni mkono wangu. Uso wa mti ulikuwa unatazama mbele tu, na mimi natazama mbele tu, nasoma kila aya niliyofundishwa utotoni, zote zimechanganyika. Kumtupia jicho sikuthubutu.

Ngoma zilisikika, kisha paa zikaonekana. Kina mama walipomwona wakatawanyika wanapiga kelele, kama desturi. Wanaume wakacheka, wakaja mbio kunipokea, kwa sababu hawajaona gari kama lile wala kitendo kama kile. Na mbele yao wote, kifua wazi, shuka kiunoni, kata ya togwa mkononi, alikuwa Dadi.

Dadi akanitazama mimi. Akamtazama aliyekaa kando yangu. Kata ikamtoka mkononi.

Aligeuka akakimbia. Wa pili akamtazama Dadi akikimbia, akahesabu kichwani nani yupo na nani hayupo, akaelewa, naye akakimbia. Kisha wote. Wanaume wazima, wenye ndevu na wajukuu, wakaacha ngoma zimelala chini, wakawapita wanawake njiani. Mkuu wa jando mwenyewe alipotelea kwenye mikorosho ya jirani na kofia yake ikabaki uwanjani. Injini ikazima.

Alibaki mtu mmoja. Mama yangu alikuwa mbele ya nyumba yake na kaniki safi na fimbo yake. Kwa mguu ule asingeweza kukimbia, na alinieleza baadaye kwamba hata angeweza asingekimbia, alikuwa amengoja tangu asubuhi.

Akaja polepole, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Mwanamke haruhusiwi kumsogelea mdimu hata kwa umbali wa kurusha jiwe. Yeye akaja mpaka mlango wa kushoto, akaushika. Alimtazama yule aliyekaa pale, kisha akanitazama mimi. Ndugu yangu, yule mdimu hakuniumiza kama yale macho. Akajua mara moja kwamba nimempa mtu kiti chake.

"Shuka," akamwambia. "Hicho ni kiti changu."

Uso wa mti haukugeuka. Mama akainama, ndonya ya mdomoni mwake karibu iguse ule uso wa mti, akasema naye maneno machache kwa sauti ya chini. Sikuyasikia, na nilikuwa karibu kama wewe ulivyo karibu na mimi. Akasimama, akangoja. Na yule mdimu akashuka. Akaenda zake upande wa mto, mguu wa kushoto umegeukia ndani, na nyuma yake mchanga ulikuwa laini kama haujakanyagwa.

Mama akapanda. Akaweka fimbo katikati ya magoti, akajikunja kidogo. Akasema kiti kina baridi. Kisha akaniambia, "Endesha, mwanangu. Nimengoja sana."

Nikazungusha hendeli kwa mkono wa kulia, gari likawaka. Nikamzungusha kijiji mara tatu. Ya kwanza hapakuwa na mtu, ni mbwa tu. Ya pili vichwa vikaanza kuchungulia. Ya tatu wanawake walikuwa wametoka wote, vigelegele mpaka masikio yanauma, na mama amenyoosha shingo, hatazami kushoto wala kulia, kama mtu aliyezaliwa ndani ya spoti. Nimeona mengi maishani, nimeona bendera ikibadilishwa. Fahari niliyoisikia saa ile sijaisikia tena.

Alasiri wanaume wakarudi, na waliporudi walikuwa wakali. Walinitoza mbuzi na unga wa tambiko kwa kumpakia nisiyemjua. Nikakubali, kosa langu. Kisha wakataka kumhukumu mama, kwa kuwa mwanamke amemsogelea mdimu akasema naye, na adhabu ya hilo si ndogo. Mama aliketi chini, mguu ameunyoosha, akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akawauliza kwa upole kabisa.

"Sisi tunakimbia kwa sababu hatujui. Ninyi mnaojua, leo mlikimbia nini?"

Mkuu wa jando alikohoa, akasema kikao kimekwisha. Na kesi hiyo haikutajwa tena, na ndiyo sababu nilikwambia wanaume wa kwetu hawapendi kisa hiki.

Mama alikitumia kiti chake miaka mitano. Nilimleta Mtwara akaona meli, akasema ni kubwa lakini hazina haya, zinaonyesha tumbo. Nilimpeleka Mikindani kwa njia ile ile ya mihogo, akawa ananionyesha mahali alipokuwa akilala, mahali alipoangukia. Bwana Hasanali alimtolea kiti na soda dukani. Hakuna aliyeniita mkono wa birika tena. Lakini kila nilipomuuliza alimwambia nini yule, alikuwa anageuza maneno.

Aliniambia siku chache kabla ya kufa. Alikuwa amelala ubavu, nimemshikia kikombe.

"Nilimwambia angoje. Nikimaliza mimi, ndipo zamu yake."

Nikamuuliza kama alimjua ni nani. Akasema hakuwa wa kwetu, wala haielekei alikumbuka yeye ni wa wapi. Akasema alichoona ni mtu aliyechoka kutembea, na yeye kuchoka kutembea anakufahamu. Alifariki Alhamisi, tukamzika siku hiyo hiyo.

Nilimaliza arobaini sijaligusa gari. Nilikuwa nakaa na kiti kile, tunatazamana. Mfanyabiashara mmoja wa Lindi alikuja, akaniahidi mara nne ya bei niliyonunulia. Ningemuuzia vipi? Ningekuwa namuuzia na abiria asiyemjua. Mganga mmoja akasema nilichome moto. Nikamfukuza. Mtu hachomi miaka sita ya ujana wake kwa sababu ya kiti.

Kwa sababu ya kiti. Hapo akili ya ufundi ikanijia. Mama aliahidi nini? Aliahidi kiti, gari hakulitaja, na gari halikuwa lake la kuahidi. Nikachukua spana, nikafungua bolti nne. Nikakifunga kiti nyuma ya gari kwa kamba, nikaenda nacho mchana wa jua kali mpaka uwanja ule wa chumvi, mahali pale pale nilipompakia. Nikakiweka kando ya njia, kinatazama mto. Nikamwaga unga kama watu wangu wanavyofanya, nikasema kwa sauti.

"Zamu yako hii. Gari ni langu."

Nikageuza, nikaondoka bila kutazama nyuma. Nililiendesha gari lile miaka kumi na minne zaidi, kiti kimoja, upande wa kushoto sakafu tupu. Watu walicheka, nao wakazoea. Sikumpakia mtu, sikuliuza, sikujuta. Mkono haukupona, nimezoea kulala nao nje ya shuka. Mama nilimpandisha gari, kama nilivyoapa, ingawa nusura nimnyang'anye mwenyewe nafasi yake kwa maringo ya maili mbili. Hilo nalisema ili ujue nalijua.

Sasa ya kwako. Wiki iliyofuata nilipita pale, kiti kilikuwepo, ila hakitazami mto tena, kinatazama Mtwara. Mwezi uliofuata hakikuwepo. Tangu hapo watu wamekiona, wengine bila kujua habari zake, karibu na Madimba, karibu na kisima cha Mngoji, mahali pasipo na nyumba. Wanasema ngozi ni nyekundu vile vile, mvua haijaifanya kitu. Basi ukiwa unapita upande ule mchana, jua limekuchosha, ukaona kiti kizuri kando ya njia na hakuna mtu, usikikalie. Usikichukue, hata ukiona kitafaa sebuleni kwako. Msalimie mwenye kiti, hata kama humwoni, umwambie umepita tu, na uendelee na miguu yako.